Roma Haitaki Kihusishi

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Natembeza wageni msitu wa Ngezi, na majina ya Kilatini ya miti na popo ndiyo yaliyonitia hamu ya lugha yenyewe. Makundi 5 ya nomino nimeyahifadhi, ila nikifika kwenye mahali nakwama. Kitabu kinaandika "in Sicilia", lakini "Romae" bila ya "in". Na "Romae" hiyo hiyo nilishafundishwa ni "ya Roma". Nishike lipi?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nusu ya jibu unayo tangu utotoni. Unasema "nipo sokoni", "nakwenda msikitini", lakini sijamsikia mtu wa Konde akisema "nakwenda Weteni". Jina la mji linajitosha. Kwa Waroma ni vivyo hivyo: nomino ya kawaida hupewa kihusishi, "in urbe" (mjini), "ex urbe" (kutoka mjini), lakini mji ukitajwa kwa jina kihusishi huondoka. Romam, nakwenda Roma. Romā, natoka Roma. Romae, nipo Roma. Nyumba na shamba wamezitia humo humo: domum, domo, domi, rus, rure, ruri. Hapo huwa nacheka peke yangu, maana hata Unguja mtu "kenda shamba", hatii -ni.

Tofauti ni kwamba sisi kwenda na kutoka tumemwachia kitenzi, na Wete inabaki Wete. Mroma anaibadilisha nomino mkia. Kwa hiyo kukariri jedwali toka juu hadi chini hakutakufaa hapa. Chukua mji mmoja wa kila kundi, uuendee, utoke, ukae. Kundi la 2: Corinthum, Corintho, Corinthi. La 3: Carthaginem, Carthagine, na ukikaa utakuta Carthagini au Carthagine, zote mbili zimeandikwa. Athenae ni jina la wingi: Athenas, kisha Athenis kwa kutoka na kwa kukaa pia, hapo tazama kitenzi.

Sasa Romae yako. Jina la umoja la kundi la 1 au la 2 likiwa na maana ya "nipo", umbo lake hufanana na lile la umilikaji. "Romae habito", naishi Roma; "muri Romae", kuta za Roma. Sentensi ndiyo inayoamua. Na wageni usije ukawaambia kuwa -i ya Pteropus voeltzkowi ni ya mahali kama Corinthi. Ile ni ya umilikaji, popo wa Voeltzkow, yule Mjerumani mtaalamu wa wanyama.

Ukiwa msituni angalia na hili: "in silva" upo msituni, "in silvam" unaingia. Kihusishi kimoja, mikia miwili, nasi tunasema "msituni" kote. Wanafunzi wengi huteleza hapa kuliko kwenye Roma.

Visiwa navyo vina ukubwa wao. Kidogo huchukuliwa kama mji: Rhodi, nipo Rhodos, Deli, nipo Delos. Sicilia na Sardinia ni vikubwa, vinataka "in". Pemba je? Ina Wete, Chake na Mkoani, kwa hiyo mimi ningeandika "in Pemba" bila ya kusita. Jirani yangu hapa Malindi anashikilia kuwa ni Pembae. Mwache, hajawahi kuvuka.