Mbunge Akijiuzulu Jukwaani

SWALI: Mhariri, hapa Kondele, Kisumu, tunabishana. Mbunge akisimama juu ya gari mkutanoni na kutamka kwamba amejiuzulu, je, kiti chake ki wazi?

JIBU: La. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinamtaka amwandikie Spika barua, kwa hiyo maneno ya jukwaani, hata yakishangiliwa namna gani, hayamwondoi bungeni (wanaotisha kujiuzulu kila wiki hulijua hilo vyema). Kiti kikishakuwa wazi, Spika ana siku 21 za kuiarifu Tume ya Uchaguzi kwa maandishi, na uchaguzi mdogo hufanywa ndani ya siku 90, isipokuwa nafasi hiyo ikitokea katika miezi 3 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Gavana akijiuzulu, naibu wake ndiye humalizia muhula.