Mizani inasema kilo hazijapungua, mkono unasema kakonda

SUALI: Asalam alaykum dokta. Mama'ngu ana maradhi ya figo, miguu inavimba. Kilo zake 58 miezi yote hii hazishuki, urefu sm 155, lakini kliniki hapa Wete nesi kampima mzunguko wa mkono kwa tepu kapata sm 21 akasema lishe yake mbaya. Kaka kaleta mizani ya umeme kutoka Dubai, unapanda pekupeku inakwambia mafuta asilimia ngapi na misuli kilo ngapi, nayo inasema misuli iko poa. Tumuamini nani? – Mtoto wa Wete

JAWABU: Waalaykum salam. Muaminini nesi.

Ukichukua kilo 58 ukagawa kwa urefu wa mita ukizidisha kwa wenyewe (1.55 mara 1.55) unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ya 24, na ya kawaida ni 18.5 mpaka 24.9, kwa hiyo kwenye karatasi bimkubwa mzima kabisa, ila mizani haijui kuchagua, inapima nyama, mafuta, mifupa na hayo maji ya miguuni yote pamoja, na lita moja ya maji ni kilo moja, basi nyama zikipungua kilo tatu maji yakaongezeka lita tatu utaona 58 ile ile. Hebu mbonyeze kwenye muundi, kishimo kikibaki ndo maji hayo.

Mkono wa juu mara nyingi haujai maji kama miguu, ndo mana unasema kweli zaidi. Kwa mtu mzima wengi tunaanza kutia shaka ukiwa chini ya sm 23. Kigimbi nacho hupimwa kwa wazee, lakini kwa mguu uliovimba usijisumbue.

Mizani ya kaka inapitisha umeme mdogo mwilini, unapita vizuri penye maji na misuli imejaa maji, mafuta yanauzuia. Sasa mtu kavimba, mashine inaona maji inadhani misuli. Na mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiipande kabisa.

Nyinyi pimeni mkono ule ule, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea, kila mwezi, muandike. Muulizeni pia daktari wake kiasi gani cha samaki na mayai, maana kwenye figo hapo si kumshindilia tu changu na pweza kwa kuwa kakonda, wengine wanapunguziwa na walio kwenye kusafishwa damu wanaongezewa.

Mizani msiitupe, apande kaka mwenyewe.