Mhasibu Mtarajiwa na Sanduku Lenye Makufuli Matatu

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Dodoma. Likizo hii nimejitolea katika shirika dogo linalolea vikundi vya kinamama vya kuweka na kukopa. Nilitarajia kukabidhiwa vitabu vya hesabu vya shirika, lakini wiki ya tatu sasa kazi yangu ni kuandika mahudhurio na kukaa mkekani kinamama wakihesabu sarafu. Baba ananiuliza ninajifunza nini huko, nami sina jibu. Je, niendelee? Na chuo kinaweza kuukubali muda huu kuwa mafunzo kwa vitendo?

JIBU: Endelea, ndugu msomaji, kwa sababu hapo mkekani ndipo somo lako lilipo, ingawa hakuna aliyekuonesha. Mkutano ujao litazame vizuri sanduku. Lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, hununuliwa mbele ya wote, mhuri hugongwa katika kijitabu cha mwanachama, na kabla sanduku halijafungwa salio hutangazwa kwa sauti ili kila mtu alishike kichwani. Mkutano unaofuata huanza kwa wanachama kulitaja salio hilo, ndipo fedha zihesabiwe. Darasani mnayaita mambo haya udhibiti wa ndani na mgawanyo wa majukumu. Utaratibu wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, miongoni mwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, na ndiyo maana vichwa vya watu vikafanywa leja, yaani kitabu cha hesabu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilijitolea katika kikundi cha namna hiyo mkoani Morogoro, nikawaandalia kinamama jedwali la kompyuta ambalo nililionea fahari sana. Mama mmoja asiyejua kusoma alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema salio langu limepungua shilingi 2,000. Tulihesabu upya, ikaonekana kwamba nilikuwa nimeruka faini mbili za kuchelewa. Sijawahi kuusahau usahihi wa mama yule.

Hata hivyo, kuhudhuria peke yake hakutoshi. Mwombe msimamizi wako kazi moja yenye mwanzo na mwisho, na ikiwezekana iwe ile ambayo kinamama wenyewe wanaihitaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama hivyo visajiliwe, na usajili unadai katiba na kumbukumbu zilizonyooka. Vilevile halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kuomba kitahitaji andiko la mradi na hesabu zinazoeleweka. Ukiwasaidia kuandaa nyaraka hizo, utalazimika kukaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, na utajifunza kwa nini maombi hurudishwa. Kila jioni andika ukurasa mmoja: ulichokiona, usichokielewa, na mada ya darasani inayohusika.

Usikubali kushika ufunguo wala fedha, hata wakikuomba kwa upendo, kwa kuwa likizo ikiisha utaondoka. Usipige picha vijitabu vya wanachama. Deni la mtu ni siri yake.

Kuhusu chuo, mwone mratibu wa mafunzo kwa vitendo sasa hivi, kabla muda haujaisha, kwani taratibu hutofautiana na ni vigumu kuidhinisha kazi iliyokwisha kufanyika bila msimamizi anayetambuliwa. Akikataa, liombe shirika barua inayotaja kazi ulizofanya, moja baada ya nyingine. Shirika lenye nia njema hukurudishia walau nauli. Likianza kukutumia miezi na miezi katika nafasi ya mwajiriwa, una haki ya kulisema hilo waziwazi na kuondoka.

Na baba akiuliza tena, mweleze kwa nini mtunza sanduku hapewi ufunguo.