Rangi ya nyusi inabaki kibakulini

SWALI: Dada, nina saluni Langoni, Lamu. Nikikoroga rangi ya nyusi na kope, nusu nzima hubaki. Naweza kumwekea mteja wa jioni?

JIBU: Usiweke, mwanangu. Ikishachanganywa na peroksaidi ya asilimia 3, yaani ile dawa ya kuivishia rangi, rangi huanza kuiva papo hapo, jioni haishiki. Msimu wa harusi nilimwaga nyingi hadi roho ikaniuma. Siku hizi mteja hulala kwanza, nyusi zimeshafutwa mafuta, ndipo nakamua krimu ya rangi kama punje ya dengu na kutia matone ya peroksaidi kwa kipimo cha kwenye boksi. Ikipungua, nakoroga nyingine. Tyubu ifunge kabisa. Ila ile chembe ya kujaribia ngozini siku mbili kabla, hiyo usiionee uchungu hata kidogo.