Prosesa ina nyuzi 55, mbona mashine inasuasua?

Nilikuwa na prosesa ya mtumba, AMD FX-8350, kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya bei ya chini. Kwa kasi yake ya kawaida, gigahezi 4.0, haikuwahi kunisumbua. Tamaa ikaniingia: nikaipandisha hadi 4.5, volti nikazitoa 1.3 nikazifikisha 1.45. Kazi ya video ikaenda dakika tano safi, mara kasi ikaporomoka hadi gigahezi 1.4. Ikapanda, ikaporomoka tena. Natazama joto la prosesa: nyuzi 55 tu.

Nikailaumu feni. Nikanunua kipoza kirefu cha mnara, prosesa ikapoa vizuri, na mashine ikaanza kusuasua mapema kuliko mwanzo! Ndipo nilipovua pete na kugusa mgongo wa mazabodi, karibu na soketi. Kidole hakikumaliza sekunde.

Zilizokuwa zinaungua ni mosfeti, vile vipande vyeusi vidogo kuliko ukucha, ambavyo hupokea volti 12 na kuzishusha kwa ajili ya prosesa. Zikipata joto kupita kiasi, kasi ya prosesa hushushwa ili kuzilinda. Kwa wati 125 na volti 1.4, hapo panapita karibu ampea 90. Nami nilikuwa nimezidisha, maana matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volti. Ukijumlisha na kasi, mzigo wangu uliongezeka kwa kama asilimia 40. Mosfeti zangu zilikuwa uchi, hazina hata kibati cha kuzipooza. Feni ya zamani ilipuliza kuelekea chini, ikizipooza bila mimi kujua. Ya mnara inapuliza pembeni. Wanaofunga vipoza vya maji hukumbwa na jambo hilihili.

Nikatafuta vibati vidogo vya alumini vyenye mapezi na utepe wa gundi ya kupitisha joto. Nilivibandika kwa pupa, bila kufuta vumbi na mafuta. Wiki ya pili kimoja kikabanduka, nikakikuta kimelalia kadi ya picha. Alumini inapitisha umeme, kwa hiyo hapo niliponea chupuchupu. Mara ya pili nilifuta kila mosfeti kwa spiriti, nikaacha ikauke, nikakandamiza kila kibati kwa muda, nikihakikisha hakigusi miguu ya mosfeti wala kapasita za jirani. Gundi ya sehemu mbili za kuchanganya inashika zaidi, ila ukija kubandua unaweza kung'oa na mosfeti yenyewe.

Vibati peke yake havikutosha. Kilichonisaidia hasa ni kafeni kadogo nilikokafunga kwa vifungio vya nyaya, kakivipulizia moja kwa moja. Volti nikazirudisha 1.38, nikatulia kwenye gigahezi 4.4.

Na ukijaribu, funga kasha. Mimi nilijaribu likiwa wazi, mchana wa kiyoyozi, nikashangilia. Nilipolifunga, robo saa haikuisha, kasi ikaporomoka tena.