Jibu: Mwafrika wa zamani aliyelipwa kwa michezo miwili

Mkuu, umeuliza kama kulikuwa na Mwafrika aliyelipwa kwa soka na riadha enzi za mwanzo za michezo ya kulipwa. Yupo: Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra mwaka 1865.

Alienda Uingereza kusoma, mbio zikamtoa. Mwaka 1886, pale Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili na kutwaa ubingwa wa taifa. Baadaye akaanza kukimbia kwa pesa.

Sasa cha ajabu: mtu mwenye kasi ile alikuwa golikipa! Alidakia Preston North End akiwa bado wa ridhaa, kisha 1889 akasaini kulipwa Rotherham Town. Mwaka 1894 akahamia Sheffield United, ila huko alimkuta golikipa kijana Bill Foulke, lile pande la mtu, akaishia kusugua benchi. Mechi za ligi kuu alizocheza ni za kuhesabu.

Kriketi pia alicheza, lakini jina lake ni la mbio na soka.

Aliachana na soka 1902, akaishia mgodi wa makaa ya mawe. Alifariki 1930, na kaburi lake likakaa bila jina hadi 1997.