Pima mwinamo kwanza: kwa wanaoanza kupanda milima ya Colorado wakati wa theluji

Wageni wengi wa milima ya Rocky, upande wa Colorado, huogopa dhoruba kubwa. Tunawaomba muiogope zaidi theluji haba ya Oktoba na Novemba, kwa sababu ndiyo chanzo cha maporomoko ya theluji yanayofukia watu Januari na Februari.

Ardhi iliyofunikwa na theluji hukaa karibu na nyuzi 0. Usiku hewa ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, na theluji ina kina cha sentimita 50 tu, tofauti ya joto ni nyuzi 4 kwa kila sentimita 10. Hata nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 inatosha kuharibu mambo. Mvuke hupanda kutoka chini na kuzigeuza chembe kuwa punje kubwa zenye kona, zisizoshikana, kama chumvi ya mawe. Ukizichota zinamiminika kiganjani. Kina kingekuwa mita 3, baridi hiyohiyo isingeleta madhara hayo. Kisha dhoruba huweka bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana, juu ya punje hizo. Upepo ni mbaya zaidi, kwani hukomba theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili upesi kuliko inavyodondoka kutoka mawinguni. Hapo bamba linasubiri uzito tu, na kwa kawaida anayeufikisha ni yule anayefukiwa au mwenzake.

Tabaka dhaifu la punje halionekani kwa juu, na linaweza kudumu miezi. Mwinamo wa mlima, kinyume chake, unapimika. Mabamba huporomoka hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na bahati mbaya hiyo ndiyo inayopendeza kwa ski, yaani mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Kwa msimu wa kwanza, kaeni chini ya nyuzi 30, na pia msipite wala kupumzika chini ya mteremko mkali. Hili la pili husahaulika sana: ukikanyaga tambarare, tabaka dhaifu linaweza kuvunjika, mpasuko ukakimbia hadi juu na kukushushia bamba zima. Ramani za simu zenye rangi za mwinamo husaidia kupanga njia, lakini hukosa vigenge vifupi, kwa hiyo pimeni tena mkiwa pale.

Kila asubuhi someni taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo kinachotabiri hatari ya maporomoko ya theluji, pamoja na maelezo yake: hatari iko upande gani wa mlima, kwenye mwinuko upi, na ni ya aina gani. Viwango vya hatari ni 5. Cha 3, chenye rangi ya chungwa, watu hukichukulia kama wastani. Maana yake ni kwamba mtu kuangusha poromoko ni jambo la kutarajiwa.

Mkiwa njiani, poromoko jipya mlimani, nyufa zinazokimbia mbele ya ski, au mngurumo mzito theluji inapotitia chini ya miguu, ni sababu tosha ya kugeuza. Msichimbe shimo la kuchunguza matabaka ya theluji ili kutafuta ruhusa ya kuendelea.

Kila mtu abebe bikoni (kifaa kinachotuma na kunasa mawimbi ya redio), beleshi la chuma na ufito wa kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, bila kuazimana. Bikoni ivaliwe mwilini, simu iwe mbali nayo kwa sentimita 20, na unapotafuta, 50. Mwenzenu akifukiwa, hakikisheni kwanza hakuna poromoko jingine linalokuja, kisha wote mgeuze bikoni kwenye kutafuta. Mmoja akisahau, mtafukuzana na mawimbi yake. Mita 3 za mwisho, shusheni kifaa hadi usawa wa theluji na mwende polepole. Kifaa kinapoonyesha namba ndogo kabisa ya umbali, chomeni ufito kwa mzunguko unaopanuka, tundu hadi tundu sentimita 25. Ukigusa mtu, uacheni hapohapo. Anzeni kuchimba upande wa chini wa mteremko, umbali wa mara moja na nusu ya kina, mkielekea kwake. Wanaochimba wima juu ya ufito humkanyagia nafasi yake ya hewa na hukosa pa kutupia theluji. Kila dakika baada ya ile ya 10 inapunguza sana uwezekano wa kumpata hai.

Zoezi la kuanzia: wekeni bikoni inayotuma ndani ya begi, mwingine aifukie kina cha mita moja kwenye uwanja usio na mteremko, na mpime muda hadi begi litoke. Rudieni kabla ya kila msimu, mkiwa na glavu mikononi.